Anza na mdundo mmoja

Umeomba pop ya zamani na indie (muziki wa roki wa bendi huru) za miongo tofauti. Mimi nakupa mdundo mmoja uufuate. Anza na "Be My Baby" ya The Ronettes, 1963. Sekunde za mwanzo tu zinatosha: Hal Blaine anapiga ngoma kubwa mara tatu, kisha pigo moja zito, halafu sauti ya Ronnie, mwimbaji wao mkuu, inaingia na kukukamata moja kwa moja. Brian Wilson wa The Beach Boys aliusikia wimbo huo redioni akiwa ndani ya gari, ukamkolea mpaka akatunga "Don't Worry Baby" (1964), ambao kwa kweli naupenda karibu sawa na huo wa kwanza.

Sasa ruka hadi 1985, Uskoti. The Jesus and Mary Chain wanafungua albamu yao Psychocandy kwa "Just Like Honey", na ngoma ni ile ile ya Blaine, ila safari hii imezungukwa na magitaa yanayonguruma! Kwangu hakuna indie ya miaka ya themanini inayoushinda. Ya miaka ya tisini, ingawa mdundo wake si ule ule: "Fade Into You" ya Mazzy Star. Zisikilize kwa mpangilio huo huo, tena kwa hedifoni.