Riwaya Uliyoiachia Ukurasa wa 140

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza uifanyeje riwaya uliyoiachia ukurasa wa 140 miezi mitatu iliyopita, na kwa nini tangu hapo hujashika kitabu kingine. Mzizi ni mmoja. Hicho kilichosimama unakihesabu kama deni, basi hukigusi, na kipya huanzi.

Usirudi ukurasa wa kwanza. Wengi hufanya hivyo wakakwama palepale walipokwama mwanzo, kwa kuwa hamu imewaishia kwenye kurasa wanazozijua. Rudi nyuma sura moja tu, kama kurasa 20. Kabla ya hapo, pitia aya ya kwanza na ya mwisho ya kila sura uliyokwisha kuisoma, huku ukiandika kwenye kikaratasi majina ya wahusika na nani ni nani kwa nani. Kikaratasi hicho ndicho kiwe alama yako ya ukurasa. Ikiwa wasimulizi wanapokezana au wakati unarukaruka, andika pia nani anasimulia sura ipi. Hapo ndipo wasomaji hupotea, wakadai kitabu kinachosha, kumbe wamesahau tu.

Riwaya nyingi za Charles Dickens, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, zilitoka kwanza kama vijitabu vya kila mwezi, kurasa 32 kila kimoja, na wahusika wake wana namna zao za kusema na vituko visivyosahaulika, hata baada ya mwezi mzima. Riwaya nyingi za sasa hazikuandikwa kwa kusubiriwa hivyo. Ukiiweka kando wiki tatu, hakuna wa kukukumbusha.

Kurasa 10 kwa siku zinatosha. Kwa nathari nzito ni dakika 20 hadi 30, simu ikiwa chumba kingine. Sentensi zikikushinda, soma ukurasa mmoja kwa sauti. Usifungie mwisho wa sura: ingia aya mbili za sura inayofuata, ili kesho ujue unapoanzia. Na ukikosa siku, usijilipize kurasa 20 kesho yake. Kulimbikiza ndiko kunakoua mazoea, kuliko hata uvivu.

Ukifika ukurasa wa 200 na bado hujali yatakayowapata wahusika, iache bila kuona haya. Kikaratasi kibaki humo ndani, kisha chukua mkusanyiko wa hadithi fupi, usome moja kwa mkao mmoja.

Mama yako