Hewa baridi kwenye pikapu iliyopandikizwa injini: ziba vumbi kwanza

Hilux iliyokuja na injini ya dizeli ya 2L au 3L ikipandikizwa 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini), ea klina ya zamani haitoshi na mabomba hayafikiani. Njia ya haraka gereji ni kuvalisha filta ya koni mdomoni mwa tabo, klipu moja, boneti inafungwa. Kwa Dodoma tunaikataa kabisa. Gari linalobeba mahindi kutoka vijiji vya Kongwa hadi Kibaigwa wakati wa kiangazi linapita kwenye vumbi laini kama unga, na vumbi hilo likivuka filta linakula mapanga ya tabo, kisha ringi na silinda. Injini inaanza kunywa oili kabla mwenye gari hajafaidi nguvu aliyoinunua.

Joto nalo lina hesabu yake. Hewa ya chini ya boneti imeshapita kwenye rejeta. Inaweza kufika nyuzi 60 wakati nje ni 32. Kila zikiongezeka nyuzi 10, uzito wa hewa unapungua kwa karibu asilimia 3. Mji wa Dodoma uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yetu tayari ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na ya pwani. Ongeza joto juu yake, uko na mzigo kwenye milima ya Kolo: moshi mweusi, eksozi inapanda moto, na 1KZ inajulikana kwa kupasua silinda hedi ikizidiwa.

Kwa hiyo unatafuta boksi lililofungwa, filta ya karatasi, na mdomo unaovuta hewa ya nje. Chaguo letu ni boksi la mviringo la Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopanda juu) yenye injini ya 1HZ. Filta yake ina mapezi yanayozungusha hewa ili vumbi zito lidondoke kabla ya kufika kwenye karatasi, na boksi hilo limetengenezwa kwa injini ya lita 4.2. Unaponunua la mtumba, angalia ule mdomo wa mpira ulio chini. Ukikosekana, vumbi halitoki vizuri na boksi linavuta hewa ya moto kupitia tundu hilo.

Boksi lifungwe kwenye bodi, upande ulio mbali na eksozi. Betri ihamishwe ikibidi. Usilifunge kwenye injini. Dizeli ikizimwa inajitikisa sentimita 2 au 3, na bomba gumu lililokazwa pande zote mbili litapasuka kwenye maungio. Toboa ukuta wa ndani wa madigadi, tundu la inchi 3 au zaidi, paka rangi kingo zisishike kutu, kisha uunganishe na mkonga au uvute hewa ya ndani ya madigadi, juu. Usishushe mdomo nyuma ya bampa. Korongo lililokuwa mchanga mtupu asubuhi linaweza kuwa na maji jioni, na injini ikivuta maji konrodi zinapinda.

Kuhusu upana: injini ya lita 3 kwenye mizunguko 3,600 inavuta kama lita 5,400 kwa dakika, na tabo ikisukuma 0.7 bar unakaribia 9,000. Bomba la inchi 3 linatosha. Inchi 2.5 linaanza kubana.

Nunua alumini ya milimita 2. PVC inalainika kwa joto la boneti. Chuma cha eksozi kinashika kutu kwa ndani, na chembe za kuchomelea zikibanduka zinaingia moja kwa moja kwenye tabo. Ncha za bomba ziwe na ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke. Kati ya filta na tabo kuna mvuto, hivyo mpira laini utajikunja na kuziba ukikanyaga mafuta. Tumia silikoni nene au mpira wenye waya ndani, na klipu za boliti. Bomba la kupumulia injini lirudishwe kati ya filta na tabo. Likiachwa wazi, tundu lake linavuta vumbi bila kuchujwa.

Kama injini uliyoweka ni ya petroli yenye sensa ya kupima hewa, tumia nyumba ya sensa ya asili. Kompyuta inahesabu kwa upana ule. Ukiiweka kwenye bomba pana zaidi itasoma hewa kidogo kuliko iliyopo na mafuta yatapungua.

Kabla ya kumkabidhi mtu gari, futa bomba likauke, paka grisi nyeupe tabaka jembamba ndani yake, kati ya filta na tabo, kisha liende kilomita 100 hivi za vumbi. Fungua, pitisha kitambaa cheupe. Grisi ikiwa na mchanga, kuna tundu: mara nyingi ni ukingo wa mpira wa filta usiokaa vizuri, au kifuniko kilichopinda. Usizibe kwa gundi ya gasketi, badilisha kilichoharibika.

Kipimo cha mwisho kinatumia mpira wa leveli wa mafundi ujenzi. Ukunje kama herufi U yenye kimo cha mita 1, tia maji nusu, unganisha ncha moja kwenye bomba kabla ya tabo, nyingine iache wazi. Panda mlima na mzigo, gia ya tatu, mafuta yote, msaidizi akisoma tofauti ya maji ya pande mbili. Filta mpya isizidi sentimita 35 hivi. Ikifika 60, badilisha filta. Ukisafisha filta kabla haijafika hapo, upepo wa kompresa upulizwe kutoka ndani kwenda nje, usiozidi 2 bar, kisha mulika tochi ndani ya filta gizani: ukiona hata nukta moja ya mwanga kwenye karatasi, filta hiyo itupe.