Kidonge cha bismuthi teluridi kinavimba: usikimbilie kuongeza joto

Mkuu, umesema unga wako wa bismuthi teluridi (nyenzo inayogeuza tofauti ya joto kuwa umeme), uliosagwa kwenye kinu cha gololi, unatoka kwenye mashine ya mkondo wa mapigo, ile inayoubana na kuupasha kwa umeme kwa pamoja, ukiwa kidonge kilichoshikamana vizuri, msongamano asilimia 98 ya ule wa nyenzo isiyo na vitundu. Ukikirudisha kidonge tanuruni kwa nyuzi 350 za Selsiasi, kinavimba na upitishaji umeme unashuka. Unauliza uongeze joto au muda. Kwa nilivyoifanya kazi hii, usiongeze chochote kati ya hivyo.

Kinachovimbisha ni gesi. Unga laini una eneo kubwa sana la uso, na uso huo hubeba unyevu, oksijeni na mabaki ya kimiminika ulichosagia. Tanuru linalopanda polepole huziachia gesi hizo nafasi ya kutoka kabla vitundu havijaziba. Sisi wa mashine ya mapigo tunapandisha nyuzi 50 hadi 100 kwa dakika, tunashikilia dakika 5, tunazima. Vitundu vinajifunga gesi ikiwa bado ndani, na shinikizo la megapaskali 50 linaibana isionekane. Ukipasha kidonge tena bila shinikizo, inatanuka na kuachanisha punje.

Kausha unga kwenye ombwe kabla ya kuujaza kwenye kalibu, na baada ya hapo usiufungue hewani. Ndani ya mashine anza na shinikizo dogo, simama karibu na nyuzi 200, uangalie geji ya ombwe. Sindano itaruka gesi zinapotoka, kisha itarudi taratibu. Mpaka itulie ndipo ukaze shinikizo na kuendelea kupandisha.

Sasa joto lenyewe. Themokapo yako (waya wa kupimia joto) imechomekwa kwenye ukuta wa kalibu ya grafiti, haigusi unga. Mkondo unapita kwenye pistoni ambazo ni nyembamba kuliko kalibu, kwa hiyo zenyewe ndizo huwaka zaidi, na unga unaweza kuizidi namba ya kwenye skrini kwa makumi ya nyuzi. Bismuthi teluridi huyeyuka karibu na nyuzi 585, lakini teluri tupu huyeyuka karibu na 450. Ukikuta matone ya rangi ya fedha kwenye ukingo wa pistoni, teluri imekamuliwa nje na idadi ya wabeba chaji (chembe zinazopitisha umeme) siyo tena ile uliyoipanga. Kuna watafiti waliokusudia hilo: mwaka 2015 walizidisha teluri kwenye bismuthi antimoni teluridi, wakaikamua ikiwa kimiminika, mipaka ya punje ikabaki na hitilafu nyingi za mpangilio wa atomu zinazotawanya fononi (mitetemo ya atomu inayobeba joto), wakaripoti ZT ya 1.86 kwenye kelvini 320; ZT ni kipimo cha ubora wa nyenzo hizi, hupanda umeme ukipita vizuri na joto likizuiwa. Wao walianza na ziada. Wewe huna ziada ya kupoteza.

Mimi naamini zaidi mchoro wa mwendo wa pistoni kuliko namba ya joto. Mstari ukishalala, unga umemaliza kujipanga, na dakika za ziada zinakuza punje tu. Udogo wa punje ndio unaozuia joto kupita, na ndiyo sababu tunatumia njia hii ya haraka. (Wanaobana shaba selenidi, nyenzo nyingine ya kazi hii, wawe waangalifu zaidi, maana mkondo wenyewe unaweza kuhamisha ioni za shaba.)

Jambo la mwisho, na hili naliomba kwa kila anayeleta namba hapa. Fuwele za bismuthi teluridi ni za matabaka, na zikibanwa hulala kukabili shinikizo. Umeme hupita vizuri zaidi kando ya matabaka, na joto pia. Ukipima umeme kwenye kipande kilichokatwa kwa upana wa kidonge, halafu upitishaji joto kwa leza kupitia unene wake, umechanganya mielekeo miwili na ZT yako imepanda bure. Bana silinda ndefu, ukate vipande vyote kwa mwelekeo mmoja. Hata tofauti unayoiona kati ya umeme wako na wa machapisho huenda sehemu yake ikatokana na mwelekeo.

Tuwekee mchoro wa pistoni na wa ombwe wa kidonge cha mwisho, tuone gesi ilitoka kwenye nyuzi ngapi.