Dawa nyekundu imeisha, mbona anabadilishiwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Shangazi yangu ana kansa ya titi, ameshapigwa kemo mara nne, ile dawa nyekundu pamoja na nyingine nyeupe kama maji, kila baada ya wiki tatu. Sasa kaambiwa ya tano anabadilishiwa. Kakata tamaa kabisa, anasema zile zimeshindwa, harudi tena, kuna mtu kampa chupa ya dawa ya miti. Halafu ile siku ya kwanza alikojoa mkojo mwekundu akajua ni damu, hajasahau mpaka leo. Ni kweli zimeshindwa? Mpwa, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Kubadilishiwa peke yake sio kushindwa. Nne za nyekundu halafu inafuata nyingine ni mpango wa kawaida kabisa kwa kansa ya titi, na mara nyingi unaandikwa kwenye faili kabla hata ya dripu ya kwanza, mwombeni daktari wake awaonyeshe.

Hiyo nyekundu ni doksorubisini, inajipenyeza kwenye DNA, yaani yale maelekezo ya urithi ndani ya seli, basi seli ikitaka kugawanyika inakwama. Shida yake ni moyo, ina kiwango ambacho mtu hatakiwi kukizidisha maisha yake yote, ndo maana mtu anapimwa moyo kwanza na dozi zinahesabiwa. Ule mkojo ni rangi ya dawa tu, siku moja au mbili unaisha. Ila ukiwa mwekundu siku nyingi baadaye hapo aende hospitali, kwa sababu ile nyeupe, saiklofosfamaidi, inaweza kuchubua kibofu, ndo maana wanamsisitizia anywe maji. Hii inafunga nyuzi za DNA zishikane zisiachane, na ukoo wake umetokana na gesi ya sumu ya vitani, haradali, usimwambie shangazi hilo!

Inayofuata mara nyingi ni paklitakseli. Yenyewe haigusi DNA. Seli ikigawanyika inatumia vijikamba kuvuta vitu huku na huku, hii inavigandisha vile vijikamba, seli inabaki imekwama katikati inakufa. Kwa hiyo seli iliyoponyoka zile mbili inakutana na mtego mwingine. Zipo pia za ukoo mwingine kama methotreksati, hizo zinaigiza chakula cha seli, inakula feki.

Sasa mwambie shangazi hivi, paklitakseli ni dawa ya mti. Iligunduliwa miaka ya 1960 kwenye magome ya mti wa huko magharibi mwa Marekani. Na vinkristini, ambayo watoto wenye uvimbe wa taya wa Burkitt wanapewa, imetoka kwenye yale maua ya pinki tunayopanda uani, asili yake Madagaska. (Msije mkayachemsha, ni sumu, hospitali kipimo chake ni miligramu moja mbili tu!)

Hiyo mpya nywele hazitarudi bado, na vidole vinaweza kufa ganzi, akishindwa kufunga vifungo vya gauni aseme, wasisubiri. Joto likifika 38 aende hospitali muda huohuo hata kama ni usiku, asimeze panadol kwanza ikalificha. Na ile chupa asiinywe, aende nayo siku ya dripu amuonyeshe daktari, maana nyingine zinagombana na kemo kwenye ini.