Kuipiga picha Kilimanjaro kama mtu wa kwao

Kila Desemba, barabara za kupanda Machame na Marangu hujaa magari ya watu wanaorudi nyumbani kula Krismasi, na karibu kila mwenye kamera au simu huielekeza Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya Kilimanjaro. Picha hizo si mbaya, ila nyingi zingeweza kupigwa na mgeni yeyote aliyetua jana. Mimi niliyekulia huko, ninayekuja likizo tu siku hizi, nakushauri uanze na kihamba, yaani shamba la Wachagga linaloizunguka nyumba, kisha mlima ufuate.

Kihamba kimepangwa na watu kwa vizazi vingi. Migomba imeifunika mibuni, mti wa mringaringa umeachwa makusudi uwe kivuli, mfongo, yaani mfereji, unapitisha maji ya mlimani, mimea ya masale inaonyesha mpaka, na makaburi ya wazee yamo humohumo. Kwa sababu hiyo omba ruhusa kwa mwenye nyumba kabla ya kutoa kamera, na kwa makaburi umwendee mzee wa ukoo. Ukikaribishwa mbege, pombe yetu ya ndizi, kaa kwanza. Kamera haina haraka.

Mwanga wa chini ya migomba ni mgumu. Jua likiwa kali, miale hupenya majani kwa vipande, na picha hutoka na madoa meupe yaliyoungua kando ya giza lisiloonyesha kitu. Subiri mawingu. Yaleyale ambayo mara nyingi huifunika Kibo asubuhi ikisonga ndiyo yanayolainisha mwanga kihambani, kwa hiyo mlima upigwe alfajiri na kihamba baadaye. Alfajiri nayo usizembee, kwani karibu na ikweta jua hupanda upesi na ile rangi ya dhahabu haidumu.

Wengi hulalamika kwamba Kibo, yenye mita 5,895, huonekana kichuguu pichani. Tatizo ni lenzi pana. Chukua ya milimita 100 hadi 200, rudi nyuma mbali na nyumba unayoitaka, kisha uvute. Paa la bati litabaki na ukubwa wake na mlima utasimama nyuma yake kama unavyouona ukiwa uani.

Barafu ya Kibo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu 1912, na wapigapicha wa dunia nzima wanaifuatilia. Wachache wanafuatilia kihamba kinachogawanywa kwa watoto hadi migomba inakatwa ili nyumba ipate nafasi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi yetu sisi wenyeji. Chagua sehemu moja, uirudie kila likizo kwa lenzi ileile, usafishe picha kwenye karatasi, uandike nyuma yake tarehe na jina la kitongoji, na nakala moja umwachie mwenye kihamba.