Shangazi, nimebandika dozi ya rafiki yangu na sasa damu haikomi

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 47. Mwaka mzima hedhi yangu inakuja inavyotaka, usiku naamka nimelowa jasho, mchana naingia chumbani nikasahau nilichofuata. Daktari alisema naelekea kukoma hedhi, akanipa vibandiko vya homoni ya estrojeni vya mikrogramu 50, nabadilisha mara mbili kwa wiki, na kapsuli za homoni nyingine, projesteroni, za miligramu 200 nimeze usiku 14 katika kila siku 28. Wiki mbili za mwanzo nililala fofofo. Wiki ya nne joto likarudi. Rafiki yangu anatumia 100, akaniambia yangu ni dozi ya kuonja, basi nikaanza kubandika viwili kwa pamoja. Kapsuli nimeziacha maana asubuhi naamka kama mlevi. Sasa matiti yanauma hata sidiria siivumilii, na leo ni siku ya tisa natokwa damu. Niliomba nipimwe damu ili kijulikane kiwango changu, daktari akasema haina haja. Mume wangu naye anasema nang'ang'ania usichana. Niongeze, nipunguze au niache kabisa?*
*Nimechoka*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na la leo, mengine yatangoja.

Bandua kibandiko cha pili, ubaki na kimoja ulichoandikiwa. Kisha mtafute daktari wako kabla wiki hii haijaisha, umweleze kila ulichoniandikia mimi, hasa habari ya kapsuli. Usimfiche kwa kuona haya, maana asipojua atahangaika kutafuta chanzo cha damu mahali kisipo. Akwambie pia uzianze tena siku gani. Lakini damu ikizidi hata ukalowesha pedi nzima ndani ya saa moja, na saa inayofuata hivyo hivyo, au ukishikwa na kizunguzungu, usingoje miadi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikibana na pumzi ikawa ya shida, nenda hospitali saa ileile.

Sasa nikugombeze kidogo. Kuongeza kibandiko bila kuuliza lilikuwa kosa, ila kubwa zaidi ni lile ulilolitaja kwa kupitia tu, la kuacha kapsuli. Estrojeni hunenepesha ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Kazi ya projesteroni ni kuuzuia usinenepe kupita kiasi, na zile siku 14 zikiisha ukuta humeguka ukatoka kwa mpango, kama hedhi. Wewe umezidisha estrojeni mara mbili na papo hapo umeondoa kinga yake. Ukuta ulionenepa bila mpangilio humeguka ovyo, na huenda hiyo ndiyo damu unayoiona. Kwa mwezi mmoja hilo hurekebishika. Likiendelea kwa miezi na miaka, chembe za ukuta huo zinaweza kubadilika na hata kuwa saratani. Ndiyo maana mwanamke mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni ya vibandiko, jeli au vidonge peke yake, na estrojeni ikipandishwa sana daktari huangalia kama projesteroni nayo inafaa kupanda.

Na huyo rafiki yako, je, umemuuliza kama bado ana mfuko wa uzazi? Hedhi yake ilikoma lini? Ana kitanzi cha uzazi wa mpango chenye homoni? Alianza na 100 au alipandishwa polepole? Nguo ya kuazima haisitiri matako, mwanangu, na dozi ni hivyo hivyo. Ngozi ya mtu mmoja hufyonza vizuri, ya mwingine hufyonza kwa shida, hata wawili wenye kibandiko cha namba moja hawapati kiasi kimoja katika damu.

Ulevi wa asubuhi ni jambo la kweli, wala hujidekezi. Projesteroni ikishavunjwa mwilini hutoa kemikali inayotuliza ubongo, na wako wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo, maana inawapa usingizi. Imeze mapema kidogo kuliko ulivyozoea, wakati wa kupanda kitandani, na isiwe mara tu baada ya kula, kwa kuwa chakula huifanya iingie mwilini kwa wingi zaidi. Ikigoma, daktari anazo njia nyingine. Iko aina tofauti ya homoni ya jamii hiyo, na kiko kitanzi chenye homoni mojawapo ya jamii hiyo, levonojestreli, ambacho hulinda mfuko wa uzazi kutokea ndani na mara nyingi hupunguza damu sana. Kwa hali yako mimi ningekiulizia hicho kitanzi kwanza.

Tuje kwenye joto lililorudi wiki ya nne. Watu wengi hudhani kwamba katika umri huu estrojeni inashuka taratibu, siku hadi siku. Sivyo. Ovari zako bado zinafanya kazi, ila kwa vipindi. Mwezi huu zinaweza kumwaga estrojeni kuliko ulipokuwa na miaka 30, mwezi ujao zikakaa kimya. Miezi ambayo yai halipevuki, projesteroni yako mwenyewe haitengenezwi. Kibandiko kinaongezwa juu ya hali isiyotulia, kwa hiyo wiki mbili nzuri na moja mbaya hazithibitishi kwamba dozi ni ndogo. Ndiyo sababu pia daktari hakuona haja ya kipimo cha damu. Kwa mwenye umri wa zaidi ya miaka 45, dalili na mwenendo wa hedhi hutosha kutambua hali. Damu ya Jumatatu na ya Alhamisi zinaweza kutoa majibu yasiyofanana kabisa. Aliye chini ya miaka 45 hupimwa, na aliye chini ya 40 lazima achunguzwe kwa makini. Kipimo cha estrojeni hufaa pale mtu anapotumia dozi kubwa na haoni nafuu yoyote, ili ijulikane kama dawa inaingia.

Basi dozi hutafutwaje? Kwa dalili, na kwa subira inayochosha. Kwa kawaida mtu huanza na kiasi cha chini au cha kati, 25 au 50, akakaa nacho miezi mitatu hivi ndipo kiangaliwe upya. Joto na jasho huweza kupungua ndani ya wiki chache, lakini hisia za moyoni na maumivu ya viungo mara nyingi huchelewa. Damu isiyo na mpangilio ni ya kawaida miezi ya mwanzo, na ikiendelea baada ya miezi 6, au ikiwa nzito au ndefu kama yako, ndipo ukuta wa mfuko wa uzazi hupimwa kwa ultrasaundi. Kila mara hubadilishwa kitu kimoja tu. Ukibadilisha viwili, kama ulivyofanya, hakuna awezaye kusema kipi kimekuumiza. Ningebahatisha kusema matiti yako yanalalamikia estrojeni iliyozidi, maana uchungu wa matiti, kichefuchefu na kuumwa kichwa ndiyo malalamiko yake, ila nawe ulikuwa umeacha kapsuli, kwa hiyo nabaki kubahatisha.

Chukua daftari. Andika siku ya kubadilisha kibandiko, usiku ulioamka na jasho, siku za damu, matiti, usingizi, na siku ulizotaka kumtupia mtu sahani. Usiandike insha, maneno mawili matatu yanatosha. Mpangilio ndio utakaosema. Joto likija kila mara siku ya mwisho kabla ya kubadilisha, huenda kibandiko hakishiki vizuri au hakifiki mwisho: kiweke chini ya kiuno au kwenye tako, penye ngozi kavu isiyopakwa mafuta, uhamishe mahali kila mara, na kamwe usikiweke kwenye titi. Joto likija siku chache kabla ya hedhi tu, hiyo ni habari nyingine, na daktari atafurahi kuisikia. Ikithibitika kwamba 50 haitoshi, wapo wanaopandishwa hadi 75 kwanza. Wengine huhamia jeli, ambayo huongezwa kwa vipimo vidogo zaidi.

Mwombe pia akupime tezi ya shingo na wingi wa damu. Tezi ikienda mbio huleta joto, jasho na moyo kudunda, na damu nyingi ya hedhi huleta upungufu wa damu na uchovu ambao hakuna kibandiko kitakachouondoa. Nimeona wanawake wakipandisha homoni hatua baada ya hatua huku wanachohitaji ni madini ya chuma.

Umeuliza kama uache kabisa. Ni hiari yako, wako wanaovuka kipindi hiki bila dawa yoyote. Lakini usiamue ukiwa umechoka na unatokwa damu, na usiamue kwa sababu ya maneno ya mumeo. Mwulize yeye angeamka mara ngapi kwa usiku, shuka limelowa, kabla hajaenda kwa daktari. Hakuna usichana hapo, unatafuta usingizi.

Na kabla sijasahau, hukunieleza kama mnatumia uzazi wa mpango. Vibandiko hivi na kapsuli havizuii mimba, na ovari zinazofanya kazi kwa vipindi huweza kutoa yai mwezi usioutarajia. Kwa aliye chini ya miaka 50, kinga huendelea hadi ipite miaka miwili tangu hedhi ya mwisho. Kwa aliyevuka 50, mwaka mmoja. Ukienda kuuliza habari ya kitanzi, uliza na hilo.

Shangazi