Nukta nyekundu na moshi wa kiangazi: maswali yenu

Nimefungua ramani ya moto ya NASA kwenye simu, nikakuta Katavi na Tabora zimejaa nukta nyekundu. Nchi inateketea? (Msomaji, Mpanda)

Hapana. Ramani hiyo, FIRMS, haionyeshi ukubwa wa moto. Kifaa cha VIIRS, kinachopima joto kutoka kwenye setilaiti, huigawa ardhi katika vipande vya mita 375 hivi kila upande. Kipande kikiwa na joto kuliko majirani zake, kinawekewa nukta, yawe ni mabua ya shamba moja au kilima kizima. Tena moto mwingi wa Juni huwashwa kwa makusudi: wahifadhi huchoma nyasi mapema, zingali na unyevu, ili moto wa Septemba ukose cha kula.

Nilichoma mabua alfajiri. Mbona shamba langu halimo?

Setilaiti zenye VIIRS hupita karibu saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto wako ulishazimika. Meteosat, setilaiti za Ulaya za hali ya hewa, hupiga picha kila dakika 10 hadi 15, ila jicho lake ni pana mno kwa moto mdogo. (Usifurahi; jirani mwenye nguo kambani amekuona.)

Nitatofautishaje moshi na wingu? (Msomaji, Morogoro)

Fungua tovuti ya Worldview, nayo ya NASA, uangalie picha ya rangi za kawaida. Wingu ni jeupe, na mara nyingi utaona kivuli chake chini. Moshi una rangi ya kijivu ya kibuluu, na ukiwa mwepesi mto unaonekana kupitia ndani yake. Kisha weka tabaka la nukta za moto juu ya picha: mkia wa moshi huanza mwembamba kwenye nukta, ukatanuka kuelekea upepo unakokwenda. Linganisha picha ya asubuhi na ya mchana. Ukungu wa bondeni kwa kawaida huyeyuka jua likipanda; moshi ndio kwanza unaongezeka, maana wachomaji wengi huwasha nyasi zikishakauka umande. Mimi huanza na hili la mwisho, hunipunguzia ubishi.

Picha inaonyesha moshi mzito juu ya Lubumbashi, lakini puani sisikii kitu. Nani mwongo?

Hakuna. Setilaiti hujumlisha kila kilichopo toka ardhini hadi angani, na huenda moshi huo unapita kilomita kadhaa juu ya paa lako. Upepo wa mashariki huusukuma kupitia Angola hadi Atlantiki. Kati ya 2016 na 2018 ndege za NASA zilikwenda kuupima huko, juu ya mawingu ya bahari. Unachovuta wewe kinahitaji kipimo cha chini, hapo hapo mtaani, na jiko la makaa la jirani litahesabiwa humo.

Huduma hizi ni bei gani?

Bure. FIRMS hata hukutumia barua pepe moto ukionekana kwenye eneo ulilochagua, kwa kawaida ndani ya saa tatu.